Kopo la Dawa la Bi Zaituni

Siku ya arobaini ya Bi Zaituni, nyumbani kwake Ujiji, mzee mmoja wa jirani alisimama barazani kwa wanaume akataja mema ya marehemu. Sisi wanawake tulikuwa uani, tumezunguka masinia ya pilau, na sauti yake ilitufikia kupitia pazia la mlango wa kati. Alisema marehemu hakuwahi kumfungia mtu mlango. Hilo si kweli, lakini nililiacha lipite. Kisha akasema kwamba marehemu alikuwa na kopo lake la dawa, ambalo nusu ya mtaa ilipona kwalo, na kwamba kuna binti aliyekwisha kukatiwa tamaa na hospitali akarudishwa na kopo hilo. Binti mwenyewe yumo humu ndani, alisema, mwulizeni. Wanawake wakamgeukia Mwamvita, aliyekuwa ameketi ubavuni kwangu. Yeye akainamisha kichwa, akasema Alhamdulillahi. Mimi nilirudisha tonge kwenye sinia. Nimefika umri wa kuchagua mambo ya kukasirikia, na kwa miaka mingi nimejifunza kuyapanga mambo kabla ya kuyasema: kilichotangulia kwanza, kilichofuata baadaye. Kwa hiyo nitaueleza mwaka ule kwa mpangilio huo, ingawa hasira ilinitaka nianze na mwisho.

Mwaka ule mimi na Mwamvita tulikuwa wasichana wa kazi ya dagaa ufukweni Kibirizi, na tulipanga chumba kimoja uani kwa Bi Zaituni. Kilikuwa chumba cha ukuta wa tofali mbichi, na dirisha lake lilifunguka upande wa jikoni, kwa hiyo kila kilichopikwa katika nyumba ile tulikijua kabla hakijaiva. Asubuhi tulinusa chai ya tangawizi. Mchana, siku ambazo hatukwenda ufukweni, tulinusa mawese yakichemka na migebuka, samaki wa ziwani, ikitumbukizwa humo. Ukuta mmoja ulitutenganisha na chumba cha Bi Zaituni mwenyewe, nao ulikuwa mwembamba, hivyo tulimsikia akisoma uradi wake, akimkaripia bintiye Rukia, akiwapokea wagonjwa. Nasema wagonjwa kwa sababu ndivyo walivyokuwa. Mtu aliumwa kichwa, mwingine mgongo, mwingine mtoto wake ana joto. Wote waliingia kwa hodi ndogo, na tulisikia kifuniko cha kopo kikibanduka.

Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, picha yake imechakaa, nalo lilikaa juu ya kabati karibu na kitanda. Katika nyumba ile, na katika nyumba nyingi za jirani, dawa iliyobaki haikutupwa. Aliyepona alileta vidonge vilivyosalia kwa Bi Zaituni. Aliyefiwa alileta dawa za marehemu wake pamoja na nguo, na vyote vilihesabiwa kuwa sadaka. Vidonge vilikuja vimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye ganda lake, kimoja kimoja au viwili viwili, kwa sababu maduka yaliviuza hivyo. Ukikata ganda hivyo, jina la dawa linabaki upande mmoja na kidonge upande mwingine. Bi Zaituni hakuona shida. Alivijua vidonge kwa rangi na kwa mstari uliopita katikati, na kwa kumbukumbu ya nani alivileta na alikuwa anaumwa nini. Alikuwa mwanamke mwema. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nimesahau. Mimi mwenyewe, nilipofika kutoka Simbo nikiwa sina hata ndoo ya kuogea, alinipa ya kwake.

Mwamvita aliumia siku ya mvua nyepesi. Mitumbwi ilikuwa imerudi kutoka uvuvi wa usiku na samaki wengi, wanunuzi walikuwa wamejaa, na kila mwanamke alitaka beseni lake liwe la kwanza kushuka. Alikuwa anateremka kwenye ubao kutoka mtumbwini, beseni la dagaa kichwani, akatukanana kwa utani na mpagazi mmoja aliyemwambia anatembea kama bibi harusi. Akamjibu kwamba bwana harusi mwenyewe ananuka magamba. Watu wakacheka, naye mguu ukateleza. Alianguka juu ya mkono wake wa kulia, ukavunjika juu ya kiwiko, na nakumbuka kwamba kabla ya kulia aliuliza kwanza dagaa wake wako wapi.

Rukia ndiye aliyempeleka hospitali, maana mimi nilibaki kuanua dagaa wetu wote wawili wasioze. Walirudi mchana, Mwamvita amefungwa plasta, na bahasha ndogo ya karatasi ya dawa. Juu ya bahasha paliandikwa jina refu kwa Kiingereza, na chini yake: viwili mara tatu. Basi. Nilimuuliza Rukia walielezwa nini dirishani. Akasema foleni ilikuwa ndefu, aliyekuwa akigawa dawa alisema ni za maumivu, anywe baada ya kula, akaita jina linalofuata. Leo najua kilichopaswa kusemwa dirishani pale, kwa maneno ambayo yangechukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Kidonge kile kilikuwa dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Ya kwanza ni parasetamoli, ile ile inayouzwa kila duka. Ya pili ni kodeini, ya jamii ya dawa kali, inayotuliza maumivu na kuleta usingizi, na ambayo mwili unaweza kuizoea ukaidai. Kwa sababu ya ile ya kwanza, usiongeze parasetamoli nyingine yoyote. Kwa sababu ya ile ya pili, usichanganye na pombe wala dawa nyingine ya kuleta usingizi, na usimpe mtu ambaye hakuandikiwa. Maneno hayo hayakusemwa. Nimesikia watetezi wa watumishi wakisema foleni, foleni. Foleni ndiyo sababu ya kusema, kwa kuwa wote waliokuwa kwenye foleni ile walikwenda nyumbani kwenye makopo kama lile la Bi Zaituni.

Siku za mwanzo Mwamvita aliumwa sana, na hakula ila uji. Bi Zaituni alimhamishia chumbani kwake, akamlaza kitandani pake mwenyewe, yeye akatandika mkeka chini. Nikirudi kutoka Kibirizi niliingia kumwamkia, nikimkuta Bi Zaituni ameketi kando ya kitanda anampepea kwa kipepeo cha ukindu. Alinieleza kila alichofanya kwa fahari ya mtu anayejua kuuguza. Vidonge vya hospitali alimpa kama ilivyoandikwa. Lakini kabla ya muda wa vingine kufika maumivu yalirudi, hivyo katikati alimpa viwili vyeupe kutoka kwenye kopo. Hivi vya kawaida havina neno, mwanangu, alisema, hata watoto wanapewa. Kisha Mwamvita akapata baridi na makamasi, naye Bi Zaituni akamkorogea unga wa mafua kwenye maji ya moto asubuhi na jioni. Sikuona kosa. Hakuna aliyeliona. Kidonge cha hospitali kilikuwa na rangi yake, cha duka kilikuwa cheupe, na unga ulikuwa unga wenye harufu ya ndimu. Vitu vitatu, kwa macho, tena vya maradhi matatu. Wala haikutupitia akilini kwamba parasetamoli ilikuwa ndani ya vyote.

Na Mwamvita akalala. Hili ndilo linalonikasirisha kuliko yote, tulivyofurahi. Nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Wageni walioleta pole waliambiwa barazani kwamba mgonjwa amepata usingizi, wakasema usingizi ni dawa, wakanong'ona na kuondoka. Siku moja nilimkuta chai yake imepoa hadi kufanya utando, nikamwita kwa jina, akafumbua macho akaniangalia kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Nikamwambia Bi Zaituni kwamba analala kupita kiasi. Rukia aliyekuwa akichambua mchele mlangoni akanicheka, akasema wivu huo, na mimi nivunje mkono basi nilale.

Kisha kutapika kukaanza, na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Bi Zaituni akasema ni nyongo. Akamwongezea viwili vyeupe kwa ajili ya maumivu hayo. Asubuhi iliyofuata niliingia na mwanga wa dirishani ulikuwa usoni pake, nikaona macho. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano ya povu la mawese. Safari hii sikuuliza mtu. Nilikwenda mwenyewe barabarani kutafuta gari.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimpima, akamfunua macho, akauliza anakunywa dawa gani. Nikampa bahasha. Akauliza nini kingine. Nikasema na za nyumbani. Akasema, "Nenda ukaniletee kila kitu alichokunywa. Kila kitu, hata kama unadhani ni pipi." Nikatoka. Nilirudi Ujiji kwa baiskeli ya kukodi, nikaingia chumbani kwa Bi Zaituni, nikalitoa kopo juu ya kabati, nikachukua na karatasi za unga wa mafua zilizokuwa kwenye takataka, nikapita uani mbio. Watu waliniona. Mtaa mzima uliniona nikikimbia na kopo la Bi Zaituni kifuani, vidonge vikigonga bati, na kila aliyeuliza nani anaumwa nilimjibu ni Mwamvita, bila kusimama. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Daktari alimwaga kopo kwenye sinia la chuma kando ya kitanda. Akachambua kwa kidole. Akasogeza kidonge cha hospitali, akasogeza cheupe, akasogeza karatasi ya unga, akaviweka pamoja. Akaniambia kwamba vyote vitatu vina dawa moja ndani. Kwamba kila kimoja peke yake, kwa kipimo chake, kisingemdhuru. Kwamba kwa pamoja, siku baada ya siku, kwa mtu asiyekula, ini limezidiwa. Na kwamba usingizi ule ulitoka kwenye kodeini na kwenye unga wa mafua, ambao nao ulikuwa na kitu cha kuleta usingizi. Mwamvita alikuwa amelala ubavu, amefumba macho. Nikauliza atapona. Akasema hajui, na ninamheshimu hadi leo kwa jibu hilo. Walisimamisha kila kitu, wakamwekea dripu, wakatafuta dawa moja ya kupambana na sumu hiyo ambayo haikuwapo stoo na ikapatikana kwa shida. Rangi ilizidi, kisha ikasimama, kisha polepole ikaondoka. Ini lake lilikubali kurudi. Si kila ini hukubali.

Alipotoka hospitali Bi Zaituni alichinja kuku. Tulikula uani, sinia moja, wapangaji na majirani, na hapo ndipo nilipoisikia hadithi kwa mara ya kwanza, ikiwa imeiva kabisa. Jirani mmoja alisema madaktari walikuwa wameshindwa, hadi Anastazia, yaani mimi, alipotumwa kukimbilia kopo. Mwingine akasema yeye mwenyewe alimwona Anastazia akipita mbio nalo, na kuanzia siku ile mgonjwa akaanza kupata nafuu. Bi Zaituni alisema ni Mungu tu, lakini alisema kwa kutabasamu. Kopo lenyewe lilikuwa limerudi juu ya kabati. Daktari aliagiza lipelekwe dukani kwa mfamasia likateketezwe. Rukia ndiye aliyelipokea kwa niaba ya nyumba, akalirudisha nyumbani, maana ile ilikuwa mali ya watu, tena sadaka.

Nilisema pale pale. Sikupaza sauti. Nilirudia maneno ya daktari kama nilivyoyasikia, kidonge, kidonge na unga. Vidole viliacha kwenda kwenye sinia. Rukia akaniuliza kama ninamwita mama yake mwuaji, baada ya kulala chini kwa ajili ya mgonjwa asiye hata ndugu yake. Nikasema sijamwita mtu kitu, nimesema kilichotokea, tena mwulizeni Mwamvita mwenyewe. Wote wakamwangalia Mwamvita. Alikuwa amekonda, plasta imechafuka, anakula kwa mkono wa kushoto akiwaomba radhi watu kila mara. Akasema, "Mimi sikumbuki kitu. Nilikuwa nimelala." Bi Zaituni alianza kulia, kilio cha kimya, machozi yakidondokea kwenye wali. Kesho yake nilipotoka kuoga nilikuta begi langu limewekwa nje ya mlango wa chumba, limefungwa vizuri kwa kamba, na Rukia amesimama kando yake.

Nikahamia Katubuka, chumba kisicho na dirisha. Huko ndiko nilikoanza kusoma. Nilinunua kamusi iliyopoteza jalada, nikawa napita kwenye maduka ya dawa kuomba zile karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi, ambazo wauzaji huzitupa kwa kuwa zinachukua nafasi. Nilianza na karatasi ya kidonge kile kile. Neno kwa neno, ilinichukua siku nyingi. Yote yalikuwamo: usichanganye na dawa nyingine yenye parasetamoli, usizidishe, usinywe na pombe, usimpe mwingine, mwambie daktari ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Yaliandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, kwa lugha ya watu wengine, yakakunjwa, yakatupwa. Sijawahi kuwa daktari wala sitaki niitwe hivyo. Ninauza mawese. Lakini tangu mwaka ule hakuna kitu kinachoingia kinywani mwa mtu wa nyumbani kwangu kabla sijauliza ndani yake kuna nini.

Sasa narudi kwenye arobaini. Masinia yalipoondolewa Rukia alileta kopo, limefungwa kwenye kanga mpya, akaliweka mapajani kwa Mwamvita. Akasema mama aliacha neno kwamba likae kwa aliyeponywa nalo. Wanawake wakapiga vigelegele. Salha, bintiye Rukia, alikuwa ameketi karibu, mtoto mchanga kwenye titi, shavu limevimba kwa jino. Akasema, "Ma'mdogo, kabla hujaondoka nalo, nichagulie zile za bibi. Zile za nguvu." Bi Zaituni alivunjika nyonga kabla ya kufa, na hospitali ilimpa dawa ya aina ile ile ya dawa mbili kwa moja. Mwamvita akabandua kifuniko. Niliona vipande vimekatwa kwa mkasi, kimoja kikiwa na herufi za mwisho za jina ninalolijua kama ninavyolijua jina langu.

Nikasema, "Usimpe."

Rukia akasema, "Anastazia. Miaka yote hii, umerudi na lile lile." Nikaeleza kwamba kodeini hupita kwenye maziwa, kwamba mtoto mchanga anaweza kulala usingizi ambao ndani yake anasahau kupumua. Rukia akajibu kwamba mama yake alizinywa na zilimtuliza. Nikasema aliandikiwa yeye, naye hakuwa ananyonyesha. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kumbe Kigoma ina daktari bingwa na kazi yake ni kupima mawese kwa chupa. Wakacheka, kicheko cha chini cha msibani. Salha alikuwa bado amenyoosha kiganja.

Mwamvita akalifunika kopo. Alisema polepole, akimwangalia Salha peke yake. "Mama, hili kopo halikuniponya. Hili ndilo lililonilaza. Daktari alimweleza Anastazia mimi nikiwa pale pale. Nilifumba macho tu. Nilisikia yote."

Mtoto aliendelea kunyonya. Salha alirudisha mkono wake taratibu akauweka kichwani kwa mwanawe. Rukia akainuka, akaenda bombani, akaanza kuosha masinia kwa kishindo.

Mtu angetarajia kwamba nilishusha pumzi. Sikushusha. Nilimvuta Mwamvita hadi kwenye banda la jikoni, nikamwuliza kwa nini. Akasema Bi Zaituni alikuwa amezifua kwa mikono yake nguo alizotapikia, kila siku, bila kukunja uso. Angesema nini mbele za watu?

"Na mimi?" nikamwuliza. "Nilitolewa begi nje."

"Wewe ulikuwa na miguu," akasema. "Mimi nilikuwa na mkono mmoja, na kitanda changu ni chake."

Hilo ni jibu la kweli na sina la kulipinga. Lakini nilimwuliza swali jingine, ambalo mimi mwenyewe sijui jibu lake: tangu siku ile hadi leo, wangapi wamebandua kifuniko hiki wakaondoka na kidonge, kwa kuwa kopo lilikuwa na shahidi aliye hai? Wangapi walilala, nyumba zao zikatembea kwa ncha za vidole? Alinishika mkono. Nikauondoa. Nampenda, na nina hasira naye, na yote mawili nimeyabeba hadi ninapoandika hapa.

Nilimwambia Salha aende kwa daktari wa meno kesho asubuhi, na neno lake la kwanza akifika pale liwe kwamba ananyonyesha. Kisha nikachukua kopo. Hakuna aliyenizuia. Nilipita mlango wa mbele, mbele ya wanaume barazani, nikashika barabara ya kwenda mjini kulikabidhi kwa mfamasia, kama lilivyopaswa kwenda tangu mwaka ule. Sikukimbia, na sikupanda chombo. Vidonge viligonga bati kwa mlio ule ule, na watu wa mtaa, baadhi yao wale wale wenye mvi sasa, walitoka vibarazani kuuliza nani anaumwa. Safari hii nilisimama kwa kila aliyeuliza, nikafungua kifuniko, nikamwonyesha.

"Hakuna," nilisema. "Bado."